Kijana Atakaye Kutengeneza Filamu, Aanzie Wapi?

Siku moja baada ya sala ya Alasiri nalikuwa nimekaa barazani nikinywa kahawa, akaja mpwa wangu. Akaniamkia, akaketi, kisha akanyamaza kimya cha mtu aliyekuja kukopa. Kumbe haja yake haikuwa pesa, au tuseme haikuwa pesa peke yake.

"Mjomba," akasema, "nataka kutengeneza filamu. Wewe ni mtunzi. Nitungie hadithi."

Nikamwuliza hadithi ya namna gani. Akanieleza kwa pumzi moja: tajiri mwenye majahazi, wana watatu, mmoja amepotelea Ulaya, mmoja ameingia katika unga, na mmoja amependa binti wa adui wa babake. Mna mapigano baharini, mna helikopta, na mwisho harusi kubwa. Yote hayo kwa muda wa saa mbili. Nikamwuliza vyombo vya kazi viko wapi. Akatia mkono mfukoni akatoa simu.

Sikumcheka. Haki ya kumcheka sina. Mwaka 1994, mimi na wenzangu sita tulichanga pesa tukakodi kamera ya kanda za VHS kwa bwana mmoja aliyekuwa akipiga vidio za harusi, tukaazimia kuigiza kuzingirwa kwa Fort Jesus. Vita vyenyewe vilianza mwaka 1696 vikaisha 1698, karibu miaka mitatu, na sisi tulitaka kuvimaliza kwa siku nne, maana kamera ilikuwa yangojewa harusini siku ya Ijumaa. Panga zetu zilikuwa za mbao. Wareno wetu walikuwa vijana wawili wa mtaani waliobandikwa ndevu. Maneno niliyatunga mimi, yote kwa vina na mizani, na nilijivuna nayo sana. Tulipokaa kutazama kanda hatukusikia hata neno moja. Kusi lilikuwa likivuma kwa nguvu na kamera ilikuwa mbali na wachezaji. Tulichosikia ni "vuuu" toka mwanzo mpaka mwisho, na Wareno wakifungua vinywa kama samaki. Kanda zile ziliota ukungu katika sanduku la marehemu mama.

Naisimulia aibu hii kwa sababu jambo lenyewe si la mpwa wangu peke yake. Ingia mtaa wowote wa Pwani leo, hutakosa kijana mwenye ndoto kama hiyo, na simu aliyo nayo hupiga picha safi zaidi mara nyingi kuliko ile kamera yetu ya kukodi. Vyombo vimeingia mifukoni. Hata hivyo filamu za Pwani zilizotengenezwa na watu wa Pwani bado ni za kuhesabu. Ukiuliza sababu utaambiwa pesa, utaambiwa kila kitu kiko Nairobi, utaambiwa hakuna wafadhili. Ni kweli kwa kiasi chake. Lakini mimi naona iko sababu iliyo karibu zaidi, nayo ni kwamba twaanzia mahali pasipo pa kuanzia.

Nani kati yetu aliyeanzishwa chuoni kwa Al-Baqara? Mtoto huanzishwa kwa alif, na akisha kuunganisha herufi hupewa Juzuu Amma, na humo huanza na zile sura fupi za mwisho. Al-Baqara ina aya 286. Al-Kauthar ina aya 3, wala hapana Mwislamu asemaye kuwa imepungua kwa ufupi wake. Silinganishi Kitabu cha Mwenyezi Mungu na mambo ya senema, la hasha. Nasema juu ya njia ya kufundisha, ambayo walimu wetu waliijua vyema na sisi tumeisahau tulipotoka chuoni. Mpwa wangu ataka kuhitimu kabla ya kusoma alif.

Na senema zenyewe zilianza fupi. Zile ambazo ndugu wawili wa Kifaransa, akina Lumière, walizionyesha kwa watu waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, kila moja ilikuwa haitimizi hata dakika. Moja ilikuwa ya wafanyakazi wakitoka kiwandani. Lango lafunguliwa, watu watoka, basi.

Lakini mfano niupendao kuliko wote watoka Iran. Mwaka 1970, bwana mmoja wa Tehran aitwaye Abbas Kiarostami, mwenye umri wa miaka 30 hivi, alitengeneza filamu yake ya kwanza. Kabla ya hapo alikuwa mchoraji na mtengenezaji wa matangazo ya biashara. Filamu hiyo aliitengeneza katika taasisi ya kukuza akili za watoto na vijana, na yaitwa Mkate na Kichochoro. Haifiki robo saa. Mtoto wa kiume ametumwa mkate, yuarudi nyumbani huku akipiga teke kopo njiani. Katika kichochoro yuamkuta mbwa. Mbwa yuabweka. Mtoto yuaogopa, yuarudi nyuma. Yuangoja apite mtu mzima apate kuandamana naye. Yuampata mzee mmoja, yuamfuata, lakini mzee yuashika njia nyingine kabla ya kufika kwa mbwa. Sasa mtoto yuko peke yake. Mwisho yuakata kipande cha mkate na kumtupia mbwa. Mbwa yuala, yuatikisa mkia, yuamfuata mtoto mpaka mlangoni kwao. Mtoto yuaingia ndani, mlango wafungwa, mbwa yualala pale nje. Kisha yuaja mtoto mwingine na bakuli mkononi, na mbwa yuainuka kumbwekea.

Hadithi ni hiyo tu, na karibu hapana neno lisemwalo. Kila aliyekulia mitaa ya Mji wa Kale au Lamu aijua hofu ile katika tumbo lake. Mimi mwenyewe niliogopa kichochoro kimoja kwa miaka miwili kwa sababu ya punda. Bwana Kiarostami hakuhitaji tajiri wala helikopta. Alihitaji mtoto atakaye kitu kimoja, nacho ni kufika nyumbani. Na kitu kimoja kimzuiacho. Na njia moja ya kutokea ambayo yule mtoto yuaitafuta mwenyewe. Na kile kituo cha mwisho, cha mtoto wa pili, chamfanya mtazamaji aone kuwa hofu ya kichochoro haikuisha bali imehamia kwa mwingine. Mwaka 1997 bwana huyu alipewa tuzo kuu ya Cannes kwa filamu ndefu, na alipofariki mwaka 2016 dunia nzima ya senema ilimlilia. Alianza na mkate.

Sisi watunzi twapaswa kulifahamu hili upesi kuliko wengine. Utenzi ni utenzi na shairi ni shairi. Huwezi kukata beti tano za utenzi ukaziita shairi, kwa kuwa shairi lina kuingia kwake na kutoka kwake, na mwenye kulisoma hujua limekwisha hata kama hukumwambia. Makosa ya vijana wengi ni kuwa filamu yao fupi ni kipande kilichong'olewa katika filamu ndefu walioikosea pesa. Mtazamaji hubaki akiuliza, haya, kisha ikawaje?

Basi nilimwambia mpwa wangu: niletee mtu mmoja, mahali pamoja, na dakika tano. Akaona nimemdhulumu.

Ama kuhusu ufundi, nilioujua niliujua kwa kuvuna aibu, na mengine nimeyauliza kwa wenye kazi. La kwanza ni sauti. Mtu atavumilia picha yenye giza, hatavumilia maneno asiyoyasikia. Kinasa sauti cha simu hakichagui: hunasa upepo, tuktuk, kuku, na redio ya jirani, kisha ndipo humkumbuka msemaji. Dawa yake si ya ghali. Azima simu ya pili, iweke karibu na kifua cha msemaji, chini ya kitambaa kizuiacho upepo, inase sauti peke yake. Mwanzo wa kila kipande piga kofi moja mbele ya kamera, ili wakati wa kuunganisha upate kuoanisha mlio wa kofi na mikono ikutanayo. Na kabla ya kuondoka mahali popote, nyamazeni nyote nusu dakika unase kimya cha mahali pale, kwani kimya cha chumba cha mawe si kimya cha shambani, na wakati wa kuunganisha utakihitaji kuziba mapengo.

La pili, picha. Senema yetu hupigwa picha 25 kwa sekunde, yaani dakika moja ni picha 1,500, na hesabu hii yaafikiana na umeme wa nchi yetu. Ukichagua vibaya taa za ndani zitapepesa katika picha ukadhani simu ina mashetani. Simu ilale ubavu, isisimame wima. Mwanga wa dirishani wa asubuhi ni bora kuliko taa yoyote utakayokodi. Hadithi iandike kwanza: ukurasa mmoja wa mchezo hukadiriwa kuwa dakika moja, kwa hiyo ukiona umejaza kurasa arobaini ujue umerudi kwa helikopta. Programu za kuunganisha picha zapatikana bure, hata DaVinci Resolve, ambayo mabingwa huitumia, ina toleo lisilolipiwa. Na nakala ziwe zaidi ya moja, tena zikae nyumba mbalimbali. Waulize ukungu wa sandukuni.

Sasa nije kwenye jambo linaloniwasha.

Wasomaji wataikumbuka tarehe 21 Desemba 2015. Basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilivamiwa na al-Shabaab karibu na El Wak. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, watu 28 walikuwa wameteremshwa katika basi jingine huko huko Mandera wakauawa kwa kuwa si Waislamu. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao. Wanawake waliwapa Wakristo hijabu zao wajifunike. Wakawaambia wale wauaji, ama mtuue sote, ama mtuache sote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kisa hicho kilitengenezwa filamu. Yaitwa Watu Wote, ya mwaka 2017, ni fupi ya dakika 22 hivi, na yasemwa kwa Kiswahili na Kisomali. Iliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar ya filamu fupi mwaka 2018. Mwenye kuielekeza ni Katja Benrath, na waliomzunguka walikuwa wanafunzi wenzake wa chuo cha Hamburg, Ujerumani. Ilikuwa kazi yao ya kuhitimu masomo. Wachezaji Wakenya walicheza, na mafundi Wakenya walifanya kazi, nao waliifanya vizuri.

Siwalaumu Wajerumani. Nawashukuru. Waliona kitu cha thamani wakakiinama. Wala hawakuwa mabingwa, walikuwa wanafunzi, na walifanya vile vile kama yule bwana wa Tehran: basi moja, safari moja, roho moja yenye shaka. Lakini tazama filamu ile yaangalia kutoka kiti gani. Yamfuata mwanamke Mkristo aitwaye Jua, asiyewaamini Waislamu, na sisi twawaona Waislamu wa basi lile kwa macho yake, mpaka anapojua ni watu gani. Ni kiti cha haki, na hadithi ni ya haki. Ila katika basi lile palikuwa na viti vingine. Palikuwa na mama aliyeondoa mtandio wake kichwani mbele ya wanaume wenye bunduki, yeye ambaye pengine hajawahi kutoka mlangoni bila ya kujifunika, akampa jirani asiyemjua jina. Nini kilipita katika moyo wa mama yule katika sekunde zile? Hadithi hiyo ni ya dakika tano. Miaka mingi imepita, na mimi sijaiona ikitoka mikononi mwetu.

Tuchukue na Subira. Ni hadithi ya msichana wa Lamu atamaniye kuogelea baharini, kinyume cha ada za kwao. Aliitengeneza Ravneet Sippy Chadha, kwanza ikiwa filamu fupi, na baada ya miaka akairudia ikawa ndefu, ikatoka mwaka 2018, Kenya ikaichagua kuiwakilisha katika Oscar. Hapa pana mafunzo mawili. Moja, fupi ndiyo iliyozaa ndefu. Pili, hadithi ilikuwa ya kwetu, nasi tulikuwa barazani tukijadili kama imetusema vizuri au vibaya. Kujadili twajua sana.

Wapo watakaouliza kama kazi hii ni halali kwa asili yake. Masuala ya fatwa yana wenyewe, na mimi si mufti. Kijana na amwulize sheikh wake. Ninaloweza kulisema ni juu ya sitara, kwa maana hilo ndilo lililomkuta mpwa wangu.

Alipokwisha kununa alirudi, akaniambia amempata mtu wake mmoja: bibi yake mzaa baba, ambaye husuka ukili. Bibi huyu ana mtoto wa jicho, haoni vyema, na alikuwa akisuka mkeka autoe kwa ajili ya arubaini ya kitukuu chake cha kwanza. Siku zilikuwa zimebaki kumi na tisa. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ndiyo filamu. Mtu ataka kumaliza mkeka, macho hayamsaidii, na siku zaenda.

Akaenda na simu yake. Bibi akamwuliza, "Utamwonyesha nani?"

"Watu, bibi."

"Watu gani?"

"Wote."

"Basi uso wangu si wa watu wote, baba."

Kijana akaja kwangu amevunjika moyo, akidhani filamu imekufa. Alitaka nimwombee kwa bibi. Nilikataa, na hapa naomba vijana wanisikilize. Watu wetu wana sababu ya kuogopa kamera. Wamepigwa picha na watalii bila ya kuulizwa, wamepigwa na wageni waliowageuza kuwa mapambo ya milango ya Lamu, na siku hizi wapigwa na watoto wao wenyewe: mama yuacheza katika harusi ya wanawake watupu, asubuhi yuajikuta katika simu za wanaume wa mji mzima. Nyumba nyingine zimeingia katika fitina kwa sababu hiyo. Mwenye kuanza kazi hii Pwani hana mtaji mwingine ila kuaminiwa, na akiuvunja mara moja milango yote ya mtaa itamfungikia, na kwa haki. Uliza kabla. Mwonyeshe mtu picha yake kabla hujamwonyesha mwingine. Akisema futa, futa mbele ya macho yake.

Mpwa wangu akarudi kwa bibi, akamwuliza kama atakubali mikono na sauti. Bibi akakubali. Basi yeye akakaa pale siku tisa, simu imeegemezwa juu ya kinu, akipiga vidole tu. Vidole vya bibi havitazami. Vyapapasa miyaa mmoja mmoja, vyauhesabu, vyaukataa ulio mbovu. Sauti yake yasimulia mikeka aliyoisuka na watu walioilalia, walio hai na waliokufa. Nilipoona kipande cha kwanza nilijua kuwa lau uso ungeruhusiwa, tungetazama uso, na mikono ile tusingeiona.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, yatoka siku za kabla ya uhuru, na yataka atengenezaye filamu ya kuonyesha hadharani awe na leseni, na filamu ipite kwa Bodi ya Kuainisha Filamu kabla ya kuonyeshwa watu. Kwa kijana mwenye simu moja huu ni mzigo wa kumvisha mtoto kanzu ya babu yake, na nina mengi ya kusema juu yake siku nyingine. Lakini aulize bodini mapema kuliko kuja kuulizwa na askari. Muziki nao una mwenyewe. Usichukue wimbo wa taarabu ukauweka chini ya picha kwa sababu umeupenda; mtunzi ana haki yake katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa. Mwombe, au mtafute mpiga udi wa mtaani apige kipya. Ukiisha, Zanzibar wana tamasha la filamu za nchi za majahazi, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1998, na mlango wa filamu fupi umo ndani yake. Si mbali.

Juzi usiku filamu ilitimia dakika nne na nusu. Tuliitazama nyumbani kwa bibi, wa nyumbani tu, shuka jeupe limetungikwa ukutani na mashine ya kuonyeshea ya kuazima. Mikono ya bibi ilikuwa mikubwa kuliko mlango. Kitukuu kililala juu ya mkeka wenyewe. Bibi alisogezewa kiti karibu kabisa na shuka, akatazama mpaka mwisho bila ya kusema, kisha akataka arudishiwe pale katikati.

"Simamisha," akasema. Akainuka, akaweka kidole juu ya shuka. "Hapa nimeruka. Ukili umepinda hapa, tazama. Kwa nini hamkuniambia?"

Kijana akamwambia, bibi, hapana mtu aliyeona.

"Mimi nimeona. Utafute miyaa mwingine, tuanze tena."

Miyaa umekwisha kuchumwa. Sasa wangoja ukauke.